Lori la Zakayo

Mimi naitwa Wangui, na kwa miaka mitatu hivi soko zima la Kibuye liliniita Mama Lori. Usinicheke. Jina lenyewe sikulitafuta, ila lilipokuja nililipokea kwa mikono miwili, nikatembea nalo kifua mbele katikati ya mafungu yangu ya viazi. Mume wangu Zakayo alikuwa na lori la buluu, tani saba, jina lake limeandikwa mlangoni kwa rangi ya manjano. Sisi tulikuwa watu wa kuja. Tulitoka Kirinyaga na godoro moja na sufuria mbili, na mtu wa kuja akionekana na lori Kisumu, hata wenyeji humsogezea kiti.

Tatizo ni kwamba lori halikuwa letu. Lilikuwa la Mzee Bildad.

Huyu Bildad alikuwa mtu wa kwetu kabisa, mzee wa kanisa, mpole wa sauti, wa kukuuliza habari za watoto mmoja mmoja kwa majina. Alikuwa na yadi kubwa pale Mamboleo, imejaa malori na mapipa ya dizeli. Zakayo alikuwa dereva wake wa mshahara, na mshahara ulitutosha. Siku moja Bildad akamketisha ofisini, akamwagizia chai, akamwambia, "Zakayo, dereva wa kuajiriwa huzeeka akiwa dereva wa kuajiriwa. Mimi nataka uwe tajiri. Chukua lile la buluu. Nipe malipo ya kwanza, halafu unilipe kidogo kidogo kila Jumamosi. Ukimaliza miaka minne, gari ni lako, na mimi nitakuja kwako kunywa chai."

Malipo ya kwanza yalikuwa akiba yetu yote, pamoja na ng'ombe wa baba yake. Hapo ukiwa na akili utauliza maswali. Sisi hatukuuliza, maana Bildad alikuwa na njia yake ya kufanya mambo, na njia yenyewe ilipitia kanisani. Malipo hayakutolewa ofisini. Yalitolewa Jumapili baada ya ibada, lori likiwa limeegeshwa uani, limefungwa vitambaa, akina mama wameliosha tangu alfajiri. Mchungaji aliliombea tairi kwa tairi. Kisha mume wangu akamkabidhi Bildad bahasha mbele ya watu wote, Bildad akamkabidhi ufunguo, watu wakaimba, tukala pilau na viazi. Haki ya Mungu, hata harusi yetu haikuwa na watu wengi namna ile. Sasa niambie, mtu akishabarikiwa hivyo, siku ya pili ataenda kusema nini kwamba masharti hayaeleweki?

Masharti tuliyaelewa tulipoanza kuyala. Mzigo ulikuwa wa kupewa na Bildad, si wa kutafuta mwenyewe, na bei ya kuubeba aliipanga yeye. Ikiharibika springi, unatengeneza kwa fundi wake. Tairi unanunua stoo yake, kwa bei ya stoo yake. Lori likilala gareji wiki nzima, Jumamosi inafika vilevile na unadaiwa vilevile. Ukipungukiwa, anakwambia kwa upole, "Usijali, ndugu yangu, tutaongeza kwenye deni." Na ukishindwa kabisa, lori linarudi yadi, na yote uliyolipa yanahesabiwa kuwa ni kodi ya kulitumia. Halafu mwaka ule mafuta yakapanda bei dunia nzima. Bildad hakupandisha malipo ya mzigo hata senti. Zakayo alikuwa akishuka mteremko wa Kericho na viazi vya Molo, anapita Awasi bila hata kusimama kunywa soda, anafika nyumbani amekonda, na Jumamosi anampelekea Bildad kila kitu. Kufikia mwaka wa tatu deni lilikuwa kubwa kuliko siku ile tuliyokula pilau.

Na mlangoni kumeandikwa jina la mume wangu. Kwa hiyo polisi wakikamata lori kwa tairi zilizoisha, anayepelekwa kortini ni Zakayo, mwenye gari. Hapo ndipo gari lilipokuwa lake.

Mimi aibu yangu ilikuwa ya sokoni. Jirani yangu wa meza, Dorca, muuza samaki, mtu mwema sana, aliniambia siku moja, "Mama Lori, mwambie mzee wako anibebee matenga yangu mpaka Kericho akienda kuchukua viazi. Si anakwenda tupu? Mafuta nitamchangia." Nikamwambia breki zina shida. Wiki iliyofuata nikamwambia Zakayo ana homa. Ukweli ni kwamba Bildad alikuwa amekataza mzigo wowote usio wake, na watu wake walikuwa njiani wakiangalia. Lakini ningemwambiaje Dorca kwamba mwenye lori anaomba ruhusa ya kubeba samaki? Akaacha kuniomba. Nikasikia anamwambia mwenzake kwa Kijaluo, akidhani sielewi, kwamba watu wa kuja wakipata mali mikono inakauka. Nilielewa kila neno, nikaendelea kupanga viazi.

Nyumbani tulikuwa tunakula ugali na maji ya mboga. Unga nilikopa, lakini si dukani kwa jirani, thubutu. Nilitembea mpaka Kondele, kwa duka ambalo hawanijui, nikajitambulisha kwa jina la kuzaliwa la mama yangu. Ndiyo, mke wa tajiri. Nikirudi nilificha unga chini ya kanga, nikipita mbele ya nyumba za watu nikiwasalimia kwa sauti kubwa.

Siku moja nilikuwa naosha mlango wa lori kwa brashi ya waya, nikisugua kwa hasira maana siku hizo kila kitu nilikifanya kwa hasira, rangi ya buluu ikabanduka pembeni ya jina la Zakayo. Chini yake kukatokea herufi nyeupe. Nikasugua zaidi. Kukatoka WEPUKHULU.

Nikamwita mume wangu. "Huyu Wepukhulu ni nani?"

Akaangalia ile rangi, akaangalia pembeni. "Alikuwa nalo kabla yangu."

"Alilimaliza kulilipa?"

"Alibakisha kidogo. Likaingia gareji, injini. Akashindwa. Akarudi kwao Bungoma."

"Na wewe ulijua?"

"Nilidhani alikuwa mzembe," Zakayo akasema. Kesho yake alinunua kopo dogo la rangi ya buluu, akaifunika ile sehemu vizuri. Sikumuuliza pesa ya rangi alitoa wapi.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo mambo yenyewe yalipo. Nina kaka mmoja, Kinyua, mdogo wangu. Baba alikufa zamani akaacha shamba moja, si kubwa, kahawa kidogo na maharagwe, na mama yetu analima hapo, analala hapo, anakula hapo. Kinyua alikuja Kisumu kututembelea mara moja tu, akaona lori, akaona jina la shemeji yake, akaona watu kanisani wanavyomsogezea Zakayo kiti cha mbele. Akarudi nyumbani akiwa mgonjwa wa lori. Mwaka wa tatu huo huo akaja tena, safari hii amevaa koti zito katika joto lote lile la Kisumu, akaniambia habari njema: ameuza shamba. Mnunuzi ameshatoa pesa, bado tu hawajafika mbele ya bodi ya ardhi kuidhinishiwa mauzo. Mzee Bildad amempa lori jekundu. Jumapili wanalibariki.

"Na mama?" nikamuuliza.

"Mama nitamnunulia shamba kubwa zaidi, lori likishaanza kufanya kazi. Amekubali. Alisema, kama ni biashara ya Zakayo, basi ni biashara nzuri."

Mama yangu alikubali shamba liuzwe kwa kuamini jina lililoandikwa kwenye mlango wa lori letu. Nikamwambia Kinyua pale pale jikoni, "Usilipe. Lori hili si letu, tunadaiwa mpaka kope. Nenda urudishe hizo pesa kabla ya siku ya bodi." Nilimwambia yote, hata ya unga wa Kondele.

Kinyua akacheka, lakini si kwa ubaya. Akanishika bega. "Dada, nyinyi mmefika, sasa hamtaki mimi nifike? Mbona shemeji haniambii hivyo? Kila mtu analalamika biashara ni mbaya. Hata matajiri."

Na ni kweli shemeji yake hakumwambia hivyo. Walikaa sebuleni mchana kutwa wakizungumza habari za gia na mizigo, Zakayo anamweleza namna ya kushuka mteremko bila kuunguza breki. Nilipompata peke yake nyuma ya nyumba nikamshika shati.

"Mwambie."

"Nimwambie nini, Wangui? Kwamba mimi ni kibarua? Kwamba tulialika mji mzima kula pilau ya lori la mtu?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

Akakaa juu ya jiwe la kufulia. Kumbe kulikuwa na jambo lingine. Bildad alikuwa amemwambia kwamba akimletea dereva mwenye malipo ya kwanza, atampunguzia deni la miezi mitano. "Sikumleta mimi," Zakayo akasema, macho chini. "Alikuja mwenyewe. Mimi nimenyamaza tu."

"Na shamba la mama?"

Ningemtukana, na maneno nilikuwa nayo tele, lakini nilimwona shingo ilivyokuwa nyembamba ndani ya kola, nikashindwa. Nikamwambia, "Basi, usiponena wewe Jumapili, nitanena mimi." Akaniangalia kwa namna ya mtu anayeomba. Nikaingia ndani.

Jumapili ikafika. Lori jekundu limefungwa vitambaa, akina mama wameliosha, na mimi nikiwa mmoja wao, maana ningekataaje? Mchungaji akaomba. Mzee Bildad akasimama na ufunguo mkononi, akasema maneno yake yale yale, jinsi Mungu anavyowainua vijana wetu, jinsi Zakayo alivyokuja Kisumu hana kitu na leo ni mfano. Akamwonyesha Zakayo kwa mkono. Watu wakapiga makofi. Kinyua akaingiza mkono ndani ya koti lake.

Nikasimama. Mwanamke kusimama na kumkatiza mzee wa kanisa, na kumvua mumewe nguo mbele ya watu, nilijua ninachokifanya.

"Kaka yangu, usitoe hizo pesa," nikasema. "Lori la Zakayo si la Zakayo. Ni la Mzee Bildad, na kabla yetu lilikuwa na jina la mtu mwingine. Tumelipa miaka mitatu na deni linakua. Mimi Mama Lori nakopa unga. Dorca, hatukukataa kubeba samaki wako, tulikatazwa." Dorca hakuwa hata mshiriki wa kanisa letu, alikuja kwa pilau tu, lakini nilimwona pale nyuma, nikataka asikie.

Nilisikia mtu anamwambia mtoto akae chini.

Bildad hakukasirika. Huyo mtu hakuwahi kukasirika. Akatabasamu kwa huzuni, akasema, "Dada yetu amechoka. Maisha ni magumu, tunaelewa. Lakini mwenye gari yuko hapa. Zakayo, ndugu yangu, simama uwaambie watu. Lile lori la buluu ni la nani?"

Watu wote wakageuka. Zakayo akasimama. Alikuwa na kofia mikononi, anaizungusha. Aliniangalia, na kwa muda mfupi niliona kabisa kwamba atasema. Mdomo ulifunguka. Kisha akaangalia vile viti vya mbele, wale watu waliokuwa wakimsogezea, na Kinyua, shemeji yake, aliyekuwa anamwangalia kama mtoto anavyomwangalia baba yake.

"Ni langu," akasema. "Mke wangu hajui mambo ya magari."

Nilikaa. Sijawahi kusikia aibu kama ile, na cha ajabu sikujionea aibu mimi niliyeitwa mwongo mbele ya kanisa. Nilimwonea yeye. Kila mtu mwenye macho aliona jasho lake na mikono yake, kila mtu alijua amesema uongo, na hakuna aliyejua aangalie wapi. Mchungaji aliangalia viatu vyake mwenyewe.

Sasa, kwetu shemeji hafedheheshwi. Unaweza kugombana na ndugu yako wa tumbo moja mpaka mkashikana mashati, lakini aliyemwoa dada yako humvunjii heshima hadharani hata akiwa amekosa, na akiteleza unamfunika. Kinyua alikuwa bado amemkazia macho Zakayo. Nikaona uso wake unabadilika polepole, ule ugonjwa wa lori unamtoka. Akautoa mkono ndani ya koti, mtupu.

"Shemeji yangu amesema, na mimi naamini neno lake," akasema. "Lori ni lake. Ila Mzee Bildad, nisamehe. Pesa sina. Mama amekataa kuuza shamba."

Koti lilikuwa limevimba kifuani. Hata watoto waliliona. Bildad alisimama na ufunguo wake, akatabasamu tena, lakini safari hii angesema nini? Amwite Kinyua mwongo, wakati Kinyua ametoka kukubali kila neno lake? Akautia ufunguo mfukoni. Pilau ililiwa upesi, watu wakatawanyika. Kinyua alipanda basi jioni hiyo hiyo kurudisha pesa za watu.

Tulitembea kwenda nyumbani, Zakayo mbele, mimi nyuma. Tulipofika mlangoni akasimama bila kugeuka.

"Kinyua alikuwa nazo zile pesa?"

"Zilikuwa kwenye koti."

"Basi alinifunika," akasema, na hakula chochote siku hiyo.

Jumatatu asubuhi watu wa Bildad walikuja kulichukua lori, deni limekuwa kubwa mno, walisema, na mzee anasikitika sana. Waliliondoa mchana kweupe, soko lote likiangalia. Nilidhani nitakufa kwa fedheha, lakini Dorca aliniwekea samaki wawili kwenye karai bila kusema kitu, nikawapika. Zakayo alipata kazi kwa Hemedi, Mswahili mmoja mwenye duka la vyombo pale mjini, akiendesha pikapu kwa mshahara. Mshahara ulitosha tena. Lakini mimi na yeye tulikuwa tunazungumza habari za chumvi na maji tu. Alinikataa mbele ya watu, nami nilikuwa nimemvua nguo mbele ya watu hao hao, na hakuna aliyejua pa kuanzia.

Desemba tulikwenda Kirinyaga. Kwa miezi yote ile alikuwa anatafuta sababu za kutokwenda, nikamwambia sababu zimeisha. Unajua kwetu mtu na mama mkwe wake hawazungumzi ovyo. Kuna umbali, kuna heshima, humwangalii machoni, huingii jikoni kwake. Mama yangu alikuwa amemwandalia Zakayo kiti peke yake ukumbini, na njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu, na nyama, na chai ya maziwa matupu. Kinyua hakuwa amemwambia mama chochote. Alikuwa amerudisha pesa na kumwambia amebadili mawazo, basi, na mama akarudi kwenye maharagwe yake akishukuru Mungu kimya kimya.

Mama akasimama pembeni ya mlango, ameangalia nje kama adabu inavyotaka, akauliza, "Mkwe wangu, na lori haliwezi kuja kunibebea kahawa mwaka huu?"

Nilifungua mdomo kujibu kwa niaba yake. Nilikuwa na uongo tayari, breki, gareji, nimeuzoea. Zakayo akasimama kutoka kwenye kile kiti. Akavua kofia.

"Mama, lile lori halikuwa langu. Lilikuwa la mtu."

Mama akageuka. Akamwangalia usoni moja kwa moja, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu siku ya mahari. Si kwa hasira. Alikuwa hajaelewa tu.

"Sasa ni nani alituambia ni lako?"

Zakayo aliniangalia mimi kwanza. Kisha akamjibu.

"Ni mimi, mama."